Kiti cha Papa Dunia kwenye Basi la Knysna

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa usukani.

Nilifika yadi ya mabasi upande wa mashariki wa Johannesburg, si mbali na uwanja mkubwa wa mpira ule wa Bertrams, nimevaa shati jeupe ambalo mke wangu, Mama Riziki, alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Nilijiona dereva kamili. Kwetu Kalemie nilikuwa nimeendesha malori ya mahindi na ndagala, dagaa wa kwetu, hadi ndani kabisa ya Katanga, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha huwezi kusema kama hii ni barabara au ni mto. Msimamizi wa gereji, mzungu mrefu wa Free State aliyevaa kaptura na soksi ndefu masika na kipupwe, akaitazama leseni yangu, akalitazama basi, kisha akanitazama mimi.

"Leo huendeshi," akasema. "Leo unaendeshwa. Nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa."

Ninyi vijana mnaoendesha mabasi ya watalii siku hizi mnajua kiti hicho kilivyo. Kiko nyuma ya ekseli, na kila kosa la dereva humalizikia hapo. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Knysna, mji mdogo wa pwani ya kusini (huandikwa kwa K, lakini K hiyo haitamkwi; ukiitamka watu wa huko hucheka). Siku ya kwanza tulivuka nyanda za Free State, tukalala njiani, ya pili tukapita jangwa la Karoo na kuteremka milima ya Outeniqua kuelekea baharini. Kwenye mteremko huo nilikuwa nimeinamia mfuko wa plastiki, shati langu la pasi limelowa jasho. Sikuona bahari. Sikuona chochote.

Tuliporudi yadi, msimamizi akaniuliza nimejifunza nini.

"Kwamba kona ya dereva si kona ya abiria," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali. "Sharp. Kesho njoo uoshe magari. Habari ya usukani tutaizungumza baadaye."

Baadaye hiyo ilichukua muda. Niliosha mabasi. Nikafundishwa ukaguzi wa alfajiri: matairi, taa, maji, mafuta, na kugonga nati za gurudumu kwa nyundo ndogo, moja baada ya nyingine, kwa kuwa nati iliyokaza hulia kama kengele na iliyolegea hulia kama kopo. Nikafundishwa ritada, yaani breki ya pili ambayo haishiki gurudumu bali huuzuia mtambo wenyewe usizunguke kwa kasi. Ukiiacha hiyo mlimani ukategemea breki ya mguu peke yake, breki zitapata moto na kukuaga. Na takografu, ile saa iliyokaa mbele ya dereva, yenye karatasi ya duara ndani, iliyochora mwendo wako wote wa siku. Ulikimbia wapi, ulisimama wapi, ulipumzika kiasi gani, vyote vilikuwa pale. Leo mashine hizo ni za kompyuta na humsengenya dereva moja kwa moja ofisini. Ile ya zamani angalau ilingoja mpaka umerudi.

Kituo changu cha kwanza cha kweli kilikuwa Sandton, kuwachukua watu wa benki na makampuni kutoka hotelini hadi uwanja wa ndege. Ilikuwa kazi ya foleni na robot, yaani taa za barabarani, moja hata nyingine, abiria wote macho kwenye simu. Huko nilikutana na madereva wa Kenya walionicheka Kiswahili changu cha Kongo, nami nikawacheka cha kwao, tukawa ndugu. Kisha nikahamishiwa safari za ndani, na mwishowe, msimamizi alipostaafu na kurudi kwao kufuga kondoo, nikapewa njia ya Knysna. Nikawa dereva-mwongozaji: mtu mmoja, kazi mbili, mikono kwenye usukani na kipaza sauti mdomoni.

Aliyenifundisha kusema alikuwa Mwongozaji Mkuu, mama wa Cape aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Alikaa kiti cha pembeni safari tatu nzima akinisikiliza nikihangaika na Kiingereza changu kilichojengwa juu ya Kifaransa.

"Unawaambia watu watazame kushoto, watazame kulia," akaniambia. "Wao si askari wa gwaride. Waambie kilichotokea mahali hapo. Macho yatakwenda yenyewe."

Na Knysna pametokea mambo. Ukiteremka mjini unaona kwanza ziwa la maji ya chumvi, pana, limetulia kama bakuli la maziwa, na kule mwisho majabali mawili makubwa yamesimama kama miimo ya mlango, bahari inaingia katikati yao kwa kishindo. Nyuma ya mji kuna msitu. Si msitu wa kupandwa, ni ule wenyewe wa tangu na tangu, miti ya mipodo ambayo watu watano hawaikumbati, makangaga yaliyofika kifuani, na ndege shorobo, wa kijani, ambaye akiruka hufunua ubawa mwekundu ukadhani mtu amewasha kiberiti. Husemwa kwamba bado yuko tembo jike ndani ya msitu ule, wa mwisho wa ukoo wake. Mimi sikumwona hata siku moja. Nilikuwa nikiwaambia abiria kwamba labda yeye ametuona.

Ndani ya msitu huo, wakati wa mababu, mtu aliokota kipande cha dhahabu kijitoni. Habari ikaenea, watu wakaja mbio kutoka kila pembe ya dunia. Wakakata miti, wakapiga mahema, wakajenga mahoteli ya mbao na mabati, maduka, wakawa hata na gazeti lao. Dhahabu ikawa kidogo, na ngumu kuitoa. Kisha habari nyingine ikawafikia: kaskazini, mahali patakapoitwa Johannesburg, dhahabu imeonekana ya kutosha kuchimbwa na wajukuu. Wakaondoka kama walivyokuja. Nyumba nyingine zilibomolewa zikahamishiwa mjini, nyingine zikaozea palepale, na msitu ukarudi kuchukua kilicho chake. Leo utakuta vibao vyenye majina ya mitaa katikati ya magugu, mashine za kutu, shimo la kuingilia mgodini lililozibwa kwa lango la nondo, na makaburi machache.

Sehemu hiyo ilinikaa moyoni kuliko ziwa na majabali. Mimi natoka nchi ya dhahabu. Nimewaona vijana wa kwetu wakiingia ardhini na tochi iliyofungwa kichwani kwa mpira wa baiskeli. Na nilikuwa naishi Johannesburg, mji ulioinyang'anya Knysna watu wake. Nilipokuwa nikiyasimulia kwenye kipaza sauti, nilikuwa nasimulia habari ya majirani zangu.

Sasa nifike kwenye safari ninayotaka kuwaeleza.

Wakati huo tulikuwa na mkuu mpya, Meneja wa Safari, dada kijana wa Soweto, mkali, mwerevu, asiyependa neno "kuchelewa" litajwe mbele yake. Tulimwita Dada Meneja. Kazi ilikuwa imepungua, na kampuni ilikuwa ikitafakari madereva gani wabaki na gani waende. Sisi wenye mvi tulijua hesabu hiyo inatuelekea sisi. Akatangaza kwamba atasafiri na kila dereva wa njia ndefu safari moja, aone mwenyewe. Safari yangu ikaangukia kundi la akina mama wa kanisa moja la Wakongomani la Bellevue, waliokuwa wamechanga pesa zao mwaka mzima waione bahari ya kusini.

Miongoni mwao alikuwemo Mama Sifa. Nilimfahamu. Aliuza sombe, yaani kisamvu, na ndagala sokoni Yeoville, sauti yake ilisikika kabla hujaona meza yake. Lakini alikuwa na jambo ambalo sote tulilijua na hatukulisema. Mumewe, Papa Dunia, alikuwa mchimbaji dhahabu kule Fizi, kwetu Kongo. Siku moja kilima kilianguka juu ya mashimo, wachimbaji wakabaki chini, wala hakuna aliyetolewa. Kisha mtu mmoja akaleta uvumi kwamba Papa Dunia hakuingia shimoni siku hiyo, kwamba alionekana akivuka ziwa kwenda Kigoma. Basi. Uvumi huo ukamfuata Mama Sifa hadi Johannesburg. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa viatu Bellevue, alikataa katakata kuweka matanga. "Tumlilie mtu ambaye labda anakula ugali Kigoma?" alisema. Kwa hiyo mwanamke yule hakuwa mke wala mjane. Miaka inapita, mtoto anakua, anaanza kusahau Kiswahili, na baba yake hana kaburi.

Tulifika msituni asubuhi ya siku ya kurudi, kwa basi letu dogo, maana njia ya kule ni ya changarawe na kona zake haziruhusu gari kubwa. Mawingu yalikuwa yakishuka kutoka milimani. Dada Meneja akaangalia juu, akaangalia saa.

"Baba, mvua ikitukuta huku, tutateleza," akaniambia. "Waone, wapige picha, tuondoke."

Alisema kweli. Udongo wa njia ile ukilowa huwa sabuni. Nikawaongoza akina mama hadi kwenye shimo la mgodi, nikasimulia kama kawaida, lakini safari hii kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu. Sijui kama ni lugha iliyofanya hivyo. Kwa Kiingereza nilizoea kusema "wachimbaji waliingia hapa." Kwa Kiswahili nilijisikia nikisema, "Waliingia hapa asubuhi wakiwa wameaga wake zao."

Mama Sifa akasogea mbele. Akashika nondo za lango kwa mikono miwili. Kutoka ndani kulikuwa na hewa ya baridi inayotoka polepole, yenye harufu ya mawe na maji. Akaingiza mkono wake kati ya nondo, hadi begani, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

"Kumbe ni baridi hivi," akasema.

Kisha akaita. "Baba Sifa! Dunia! Dunia we!"

Shimo likamjibu kwa sauti yake mwenyewe, ikienda mbali, ikipungua. Akina mama waliokuwa wakipiga picha wakashusha simu. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga majani.

Dada Meneja alikuja haraka kutoka kwenye basi. "Kuna nini? Baba, nilisema tuondoke." Akataka kupita aende akamshike Mama Sifa mkono. Nikamzuia. Sijawahi kumzuia mkubwa wangu wa kazi kabla ya siku ile wala baada yake.

"Dada, ngoja," nikasema. "Mume wake alibaki kwenye shimo kama hili, kwetu. Hajamzika."

"Hajamzika? Toka lini?"

"Toka mtoto wake alipokuwa anatambaa. Sasa mtoto yuko sekondari."

Dada Meneja akasimama pale, mvua inaloanisha nywele zake alizozisuka juzi tu. Nilingoja aniambie kuhusu ratiba. Badala yake akaniuliza, "Na hakuna mtu aliyekwenda kumchukua?"

Sikumwelewa. Akanieleza palepale, kwa sauti ya chini. Kwao, mtu akifia mbali, mahali pa ajali au mgodini, watu wa nyumbani huenda kumchukua. Hubeba tawi la mti fulani wenye miiba, husema naye, humwambia "twende nyumbani." Njia nzima anayelibeba tawi huzungumza na marehemu tu, humwambia sasa tunavuka mto, sasa tunapita kona, asipotee. Kwenye gari, marehemu hupewa kiti chake.

"Babu yangu alichukuliwa hivyo kutoka mgodi wa Welkom," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo, nilikaa karibu na kiti chake. Mtafsirie mama huyo."

Nikatafsiri. Mama Sifa alitusikiliza huku mkono wake bado uko ndani ya nondo.

"Sisi ni watu wa kanisa," akasema.

"Bibi yangu naye alikuwa wa kanisa," Dada Meneja akajibu nilipomfikishia maneno hayo. "Alibeba tawi mkono huu na Biblia mkono huu."

Mmoja wa akina mama akamkumbusha, kwa upole, kwamba Papa Dunia hakufia pale. Alifia Fizi, mbali sana. Mama Sifa akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa, na siwezi kusema maji ya mvua yalikuwa mangapi na yake mangapi.

"Nimemwita, na roho yangu imetulia," akasema. "Mtu aliye chini ya ardhi haombwi pasipoti. Amekuja."

Ule mti wa miiba hauoti katika msitu ule. Mama Sifa akachota udongo pale mlangoni pa shimo, akaufunga kwenye pembe ya kitenge chake, akaushika kifuani kwa mikono yote miwili. Tulipoingia kwenye basi, viti vyote vilikuwa na watu. Dada Meneja akaondoa mkoba wake kwenye kiti chake cha mbele, akakifuta maji kwa mkono wa koti lake, akasema, "Akae hapa." Yeye akaenda kukaa kwenye kile kijikiti cha kukunja kilicho karibu na mlango, kiti cha mwongozaji, ambacho mtu hawezi kukikalia hadi mji wa pili bila kuumwa mgongo. Alikikalia hadi Johannesburg.

Kuteremka kutoka msituni kulinipa kazi. Nilikwenda kwa gia ya chini, ritada imeshika, mguu mbali na breki, na mara moja nyuma ya gari iliteleza kuelekea bondeni nikasikia akina mama wakimtaja Yesu kwa pamoja. Nikaugeuza usukani upande ule ule wa kuteleza, kama nilivyofundishwa, gari likarudi njiani.

Mama Sifa alikuwa amekaa karibu na kiti kile kitupu. Alianza kuzungumza nacho tangu tulipofika lami. "Dunia, tumetoka msituni. Dunia, hapo ni bahari, iangalie." Lakini tulipopanda milima ya Outeniqua sauti ilimkauka. Akafungua mdomo, isitoke. Akaniangalia kwenye kioo.

Nikawasha kipaza sauti.

"Papa Dunia," nikasema, "hapa tunapanda mlima. Kuna kona nyingi, lakini usiogope, gari ni zima. Tukifika juu bahari itabaki nyuma yetu."

Sikupanga. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimewaeleza Wajerumani, Wachina na watu wa Sandton njia ile, na sasa nilikuwa namweleza mtu wa kwetu. Nikaendelea. Papa Dunia, hii ndiyo Karoo, ni kavu lakini ina kondoo watamu. Papa Dunia, tutalala hapa, kesho asubuhi tutakuita tena. Papa Dunia, tunavuka Mto Orange. Kila nilipotangaza, akina mama waliitikia "Twende nyumbani," kwanza wawili watatu, kisha basi zima. Dada Meneja hakujua Kiswahili, lakini tulipofika Free State alikuwa akiitikia pamoja nao, na matamshi yake hayakuwa mabaya.

"Papa Dunia, tunavuka Mto Vaal. Sasa tumeingia Gauteng. Hivyo vilima vya manjano unavyoviona ni mchanga wa migodi. Hutashuka humo. Tunapita tu."

Jua lilikuwa bado liko juu tulipoingia Bellevue. Mmoja wa akina mama alikuwa amepiga simu kabla hatujafika. Mbele ya ile nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba alimoishi Mama Sifa, shemeji yake fundi viatu alikuwa amesimama kando ya barabara, na aproni yake ya ngozi kiunoni. Nikafungua mlango. Akina mama hawakuinuka. Walingoja.

Shemeji akapanda ngazi ya kwanza, akasimama. Akakitazama kiti kitupu, akamtazama Mama Sifa na lile fundo la kitenge. Nilidhani atagomba. Akaivua aproni yake.

"Kaka," akasema, "karibu nyumbani. Umechelewa sana."

Ndipo kilio kikaanza.

Matanga yaliwekwa wiki ile ile. Udongo ulizikwa makaburini, na padri wa kwao alikuja, na hakuuliza maswali mengi. Mimi sikupunguzwa kazini. Katika ripoti yake Dada Meneja aliandika kwamba safari ilichelewa kwa sababu ya mvua, na kwamba dereva anaifahamu njia. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile tena, ila tangu siku hiyo aliacha kuniita Baba tu, akawa ananiita Baba Knysna.

Nimestaafu sasa. Asubuhi Mama Riziki hunikuta nimesimama dirishani nasikiliza mabasi yanayopanda mtaa wetu, nahukumu gia zao. Vijana wananiambia simu huwaonyesha njia, kona na hata mahali pa kahawa. Vizuri. Sisi tulikuwa tukiangalia vinu vya upepo vya wakulima na kuhesabu madaraja. Sitaki kuwadanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Mabasi yetu yalikuwa na joto, mishahara haikuwa kitu, na mara zaidi ya moja nililala kwenye yadi kwa kuogopa kurudi nyumbani wakati watu walipokuwa wakiwawinda wageni mitaani. Lakini naikumbuka njia. Nikifumba macho naweza kuiendesha yote, hadi pale miti inapoachana na lile ziwa linapojitokeza ghafla chini yako, na basi zima linavuta pumzi.

Mwaka huu Mama Sifa aliolewa, na mwashi mmoja wa Burundi, mtu mpole. Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa shule, na shemeji yake ndiye aliyemshika mkono kumwingiza. Mama Sifa alinivuta hadi mbele ya ukoo wa bwana harusi, wazee waliotoka Bujumbura kwa ajili ya siku ile, ambao walikuwa wamekwisha kusimuliwa habari ya Papa Dunia. Nilikaza tai yangu. Katika nchi hii nimeitwa dereva, nimeitwa mgeni, nimeitwa kwerekwere, tusi lao kwa wageni, na watoto wadogo, nimeitwa mzee. Nilifikiri atanitambulisha kama jirani.

"Huyu," akawaambia, "ndiye aliyemleta mume wangu nyumbani."

Wale wazee wakasimama, wote, wakanipa mkono.